Hundi Chini ya Kitanda

Jumba la makumbusho la Kam Wah Chung, katika mji mdogo wa John Day, jimbo la Oregon, Marekani, linajulikana zaidi kwa hundi. Zilikutwa chini ya kitanda cha Ing Hay, tabibu wa mitishamba ambaye majirani walimwita Doc Hay. Thamani yake ilizidi dola 23,000, na hakuwahi kuzipeleka benki. Karibu kila anayesimulia habari za jumba hili huzitaja, na tafsiri huwa ileile: aliwahurumia wagonjwa wake miaka ile ya mdororo wa uchumi.

Naamini aliwahurumia. Ila hadithi hii inawafaa mno warithi wa wadeni. Mchina anakumbukwa kwa wema kwa sababu hakudai.

Zipo karatasi nyingine ndani ya nyumba hiyohiyo ya mawe. Mshirika wake, Lung On, mfanyabiashara aliyejua Kiingereza na aliyefika kuuza hata magari, aliacha mke na binti China. Barua za jamaa zake zilimfuata hadi John Day zikimsihi arudi. Hakurudi, alifariki mwaka 1940. Sheria ya 1882 iliyowafungia mlango vibarua wa Kichina ilikuwa bado inafanya kazi, ikafutwa 1943. Wenzao waliowahi kujaa kwenye machimbo ya dhahabu ya eneo lile walikuwa wamekwisha kutawanyika, duka limebaki na wazee.

Sasa tazama jinsi chumba kilivyohifadhika: mamia ya dawa kwenye makopo na masanduku, madhabahu, vitanda vya mbao. Wageni husifu, nami nasifu. Lakini vitu hivyo viliokolewa na kufuli. Hay alihamia Portland mwishoni mwa miaka ya 1940, akafariki 1952. Jengo likapewa mji, na mji ukasahau kwamba ni mali yake hadi miaka ya 1960, ulipokuwa ukipima ardhi ya bustani. Kama jamii ile ingeruhusiwa kuzaa na kukua pale, makopo yale yangekwisha kutupwa zamani na wajukuu wenye haraka ya kupaka rangi mpya.

Ningepewa mimi kupanga ziara, ningeanza na barua za jamaa. Hundi zingesubiri chumba cha mwisho.