Ukoo wa Mama na Lugha ya Mama katika Rungwe

Msemo "lugha ya mama" umezoewa hata ni nadra mtu kuuliza mama huyo ni nani, na alizaliwa wapi. Swali hilo limepata uzito mpya tangu wataalamu wa elimu ya viumbe walipoanza kufuata nyayo za wahamaji wa kale kwa kuchunguza DNA ya mitokondria, ambayo mtoto huipata kwa mamaye peke yake. Ina herufi 16,569 tu, haichanganyiki na ya baba, na mabadiliko yake machache hurithiwa kutoka kwa mama hadi binti vizazi na vizazi. Mwaka 1987 Rebecca Cann na wenziwe walionyesha kwamba nasaba za kike za watu wote zarudi kwa mwanamke mmoja, aliyeelekea kuwa aliishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Njia hii yastahili heshima iliyopewa. Lakini inapotumiwa kueleza tofauti za lugha yapasa ipimwe, na nchi ya Rungwe ni mizani nzuri.

Nguvu yake ni kumbukumbu ndefu. Sarah Tishkoff na wenziwe, katika uchunguzi wa mwaka 2007, walikuta Wasandawe wakishiriki nasaba adimu na wasemaji wa lugha zenye vidoko wa kusini mwa Afrika, ila asili yao ya pamoja ni ya zaidi ya miaka 35,000. Hakuna kanuni ya kulinganisha maneno iwezayo kufika mbali hivyo. Hapo damu yasema na lugha imekwisha nyamaza, na mwanalugha hana budi kusikiliza.

Kosa huanza pale nasaba ya mama inapochukuliwa kuwa ndiyo historia ya usemi wake. Katika Rungwe ya miaka ya 1930, walipoichunguza Godfrey na Monica Wilson, ukoo ulihesabiwa kwa baba na mahari ilitolewa kwa ng'ombe. Wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao, na baadaye wakaleta wake kutoka kwingine. Mwanamume alikaa, mwanamke ndiye aliyehama. Alihama na DNA yake nzima, bila kupungua hata herufi, ila lugha yake ilikutana na sheria za ukwe. Mke wa Kinyakyusa hakuruhusiwa kumwona baba mkwe wala kulitaja jina lake, wala hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo. Ilimbidi kutafuta maneno mengine badala yake. Basi mtu yule yule aliyebeba urithi usiobadilika ndiye aliyelazimika kubadili maneno yake siku ya kuolewa! Katika kuchunguza lahaja za Kinyakyusa, desturi hii yafaa kupewa nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida.

Si ajabu, kwa hiyo, kwamba Elizabeth Wood na wenziwe, walipolinganisha makabila mengi ya Afrika mwaka 2005, waliona tofauti za lugha zikienda sambamba na kromosomu Y, inayopita kwa baba, kuliko na mitokondria. Pengine wake wanapobadilishana vijiji, damu ya kike huenea mipakani na lugha hubaki kwa waume.

Hata hivyo, mapokeo ya Rungwe yenyewe yanaikataa kanuni hiyo. Wazee walisimulia kwamba watawala walitoka Ukinga, milimani, wakaleta moto na ng'ombe kwa watu waliokula chakula kibichi. Habari ya moto ni sifa ya watawala, wala haifai kusomwa kama taarifa. Lakini tukubali kwamba watawala walitoka huko: mbona hawakuleta Kikinga? Katika mpango wa Guthrie, Kikinga kimo kundi la G60 pamoja na Kihehe na Kibena. Kinyakyusa kimo M30 pamoja na Kingonde. Yaelekea watoto wa wageni walisema kama wajomba zao. Pwani imetoa mfano wa jambo hilo: DNA ya watu 80 wa kale, hasa wa miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa, iliyochapishwa mwaka 2023, ilionyesha akina baba wengi wa Asia, hasa Waajemi, na akina mama karibu wote wa Afrika, na lugha iliyobaki ni ya Kibantu.

Kusini ya Rungwe mambo yalikuwa mengine. Mifupa ya wawindaji wa Malawi, ya miaka 8,100 hadi 2,500 iliyopita, iliyochunguzwa na Pontus Skoglund na wenziwe mwaka 2017, haikuonyesha urithi wowote unaotambulika kwa Wamalawi wa leo waliopimwa. Huko watu walibadilika pamoja na lugha.

Ni ipi kati ya njia hizi iliyopitiwa Rungwe haiwezi kujulikana kwa mitokondria pekee, wala kwa kumwandika mtu aliyepimwa Tukuyu kuwa "Mnyakyusa" na kuishia hapo. Bibi mzaa mama wa mtu huyo huenda alizaliwa Undali, Usafwa au Ukinga, na kuolewa bondeni. Kabla ya kuchukua mate yake, mchunguzi amwulize bibi huyo alitoka kijiji gani, na alipofika kwa mumewe alikatazwa maneno gani.