Skimu, Mradi na Karanga za Nachingwea

Niliwahi kuandika makala kuhusu mashamba ya karanga ya Nachingwea. Mhariri wangu akafuta neno "skimu" kila lilipotokea, akaweka "mradi". Eti skimu si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Nikanyamaza, makala ikatoka hivyo hivyo. Juzi nimekisoma tena The Groundnut Affair, kitabu cha Alan Wood cha mwaka 1950, na nimeona nilikosea kunyamaza.

Tuanze na neno lenyewe, scheme. Kwa Wagiriki, skhema lilikuwa umbo, sura ya kitu. Likapita kwenye Kilatini kama schema, ndiyo maana Waingereza wanaliandika kwa sch huku wakilitamka kwa sk. Wataalamu wa balagha walilitumia kwa mpangilio wa maneno unaopamba usemi. Yaani lilikuwa letu sisi watu wa fasihi kabla maofisa hawajalichukua. Likaja kuwa mchoro, mpango, halafu njama. Mpaka leo Mwingereza anaweza kuliita hivyo jambo halali kabisa la serikali. Mmarekani akilisikia, ananusa ulaghai.

Sasa tazama kisa chenyewe. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika Mashariki, kwani baada ya vita Waingereza walikuwa bado wanakula mafuta kwa mgao. Zikapangwa ekari zaidi ya milioni 3, na Tanganyika kazi ikafanyika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa, jua likiwaka, ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 serikali ikakubali yaishe, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Neno liliingia kwa maana ya mpango, likatoka linanuka maana yake ya pili.

Wood aliyajua haya kwa karibu, kwani alifanya kazi ya habari ndani ya Overseas Food Corporation, shirika lililoendesha kilimo hicho. Anaandika kwa ucheshi na hawaonei haya wakubwa. Hata jina la kitabu lina akili: ameacha scheme, akachagua affair, neno la kashfa. Lakini hapo hapo ndipo ninapogombana naye. Kashfa ni ya mwenye fedha. Swali linalokisukuma kitabu ni la London: hela zetu zimepoteaje? Mtu wa Ruponda angekuwa na swali jingine: ardhi hii mlimwomba nani?

Ndiyo maana narudi kwa mhariri wangu. "Mradi" ni neno zuri, lakini nalo lina kwao. Limetoka kwenye Kiarabu, murad, kitu kinachotakiwa, kilichokusudiwa. Haya, kilitakiwa na nani? Mmwera wa Ruponda alikuwa na karanga zake na njugu mawe zake shambani, hakuagiza vifaru. Ukiandika "mradi wa karanga", umemgawia kusudio ambalo hakuwa nalo. "Skimu" inabaki na ugeni wake mdomoni, na ugeni huo ni sehemu ya ukweli.

Tena si neno la kuonewa aibu. Tuna shule kutoka kwa Mjerumani, Zanzibar wana skuli kutoka kwa Mwingereza, na yote mawili ukiyafuata nyuma yanakufikisha kwa Mgiriki yule yule. Wakulima wetu wanasema skimu ya umwagiliaji na hakuna anayeshtuka.

Kisome kitabu cha Wood, kinastahili. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Neno limebaki. Mhariri akilifuta tena, safari hii tutabishana.