Kwa Nini Tunampenda Kezilahabi wa Nagona

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Hai Mauna, Juba, husikia mara kwa mara kwamba Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni riwaya ngumu mno kwa mwanafunzi. Aghalabu hupendekezwa Rosa Mistika (1971), kwa kuwa kisa chake hufuatika. Hatukubaliani na hoja hiyo.

Marehemu Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, ndiye mwandishi tunayempenda kuliko wote. Katika Nagona, wanafikra waliokufa zamani huzungumza, na paa wa mwituni husakwa kama ukweli wenyewe unavyosakwa. Wahakiki huuita mtindo huu uhalisiamazingaombwe, istilahi inayomhusu pia Haruki Murakami wa Japani. Hata hivyo, tofauti ipo. Murakami humkalisha msomaji jikoni kwanza, ndipo paka aseme. Kezilahabi hatupi jiko. Hututumbukiza njozini moja kwa moja. Huo ndio udhaifu wake: wahusika huwa mawazo zaidi ya watu, na msomaji hukosa wa kumwonea huruma.

Lakini wanafunzi wetu wamekua wakisikiliza ngano ambamo wanyama husema na wafu hurudi. Kwao ajabu si ngeni. Kigeni ni mazoea ya darasani ya kusaka dhamira na ujumbe tu. Tunapendekeza sura ya kwanza ya Nagona isomwe kwa sauti, bila maswali ya mwalimu. Maswali yatatoka kwa wanafunzi wenyewe.