Kidonda cha Tumbo na Maji ya Chumvi: Lugha ya Karatasi ya Mgonjwa

Mjomba wangu aliporejea kijijini kwake wilayani Chamwino, baada ya kupasuliwa na kuondolewa kipande cha utumbo mpana kilichokuwa na saratani, alikuwa amekabidhiwa karatasi moja yenye maelekezo ya kutunza kidonda chake. Karatasi hiyo iliandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo ni la kushukuru. Hospitali iliyoitoa sitaitaja, kwa kuwa makosa nitakayoyaeleza hapa si yake peke yake. Nimeyakuta katika karatasi za namna hiyo mahali pengine, na kwa maoni yangu chanzo chake ni sisi tunaofasiri.

Kichwa cha karatasi chenyewe kilisema kwamba haya ni maelekezo ya kutunza kidonda cha tumbo. Mjomba, ambaye nyumbani husema Cigogo lakini Kiswahili kwake si lugha ngeni, alinitazama akauliza, "Mpwa wangu, kumbe na vidonda vya tumbo ninavyo?" Swali hilo halikuwa la mtu asiyejua lugha. Lilikuwa la mtu anayeijua vema. Kwa Mtanzania yeyote, vidonda vya tumbo ni ugonjwa maalumu, wa vidonda vinavyotokea ndani ya tumbo la chakula au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, wenye dawa zake na miiko yake. Basi mjomba akaacha pilipili, akaacha na maharage, akaomba maziwa. Na ule mkato mrefu ulioshonwa juu ya kitovu na chini yake akaona kuwa ni jambo la waganga, halimhusu.

Hapa ndipo penye kazi ya istilahi. Tunayo maneno matatu na tunayatumia kana kwamba ni mamoja: jeraha, kidonda na mshono. Jeraha katika masikio ya watu lina harufu ya ajali na vita, ndiyo maana husemwa majeruhi wa basi lililopinduka, wala hakuna asemaye majeruhi wa upasuaji. Kidonda ni pale palipo wazi, panapotoa maji au usaha, panapokaa siku nyingi. Mshono ni neno ambalo wananchi wamekwisha kulichagua wenyewe bila kungoja kikao chochote: mama aliyejifungua kwa kupasuliwa husema mshono unauma, mshono umekauka. Sioni sababu ya mfasiri kulikwepa neno hilo eti kwa kuwa linasikika pia katika duka la fundi cherehani.

Faida yake ni kwamba neno hilo haliji peke yake, huja na ukoo wake mzima. Pana kushona, pana nyuzi, pana kufumua na kufumuka. Karatasi ya mjomba ilionya juu ya "kutengana kwa jeraha". Nilimsomea mara mbili, hakuelewa. Nilipomwambia, "Mjomba, mshono ukifumuka," alielewa papo hapo na akashika tumbo kwa mkono. Na hilo ndilo onyo kubwa kuliko yote katika karatasi hiyo. Mshono wa tumbo ukiachia ndani, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, dalili ya kwanza huwa ni maji mengi ya rangi ya damu iliyochujuka yanayolowesha kitambaa kwa ghafula. Mgonjwa hana budi kulazwa chali, afunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, apelekwe hospitali bila kukawia; na utumbo ukionekana usisukumwe kurudi ndani. Onyo la namna hiyo likiandikwa kwa neno lisiloeleweka ni sawa na kutoandikwa.

Tofauti ya mshono na kidonda si ya mapambo. Mshono uliofungwa vizuri hufunikwa siku mbili hivi za mwanzo, kisha mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kuoga kwa maji yanayotiririka na kujikausha kwa kugusagusa bila kusugua. Nyuzi za tumbo huondolewa kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Lakini utumbo mpana ni makao ya vijidudu vingi, na kwa sababu hiyo daktari huweza kuiacha ngozi wazi kwa makusudi, au sehemu ya mshono ikatunga usaha na kufunguliwa. Hapo sasa pamekuwa kidonda, nacho hujazwa shashi kijae nyama kutoka chini kwenda juu, kwa majuma mengi. Aliyeambiwa "kidonda" kwa mambo yote mawili atajuaje afuate lipi?

Sasa nije kwenye maji. Karatasi ilielekeza kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Mfasiri alitafuta jina la yale maji ya hospitali yenye kipimo cha chumvi, yaliyotakaswa, naye akapata maneno mawili ambayo kila mmoja wetu anayafahamu. Ila hakufika Dodoma. Katika nchi hii kame, ambako mvua huja msimu mmoja tu, kama Desemba hadi Aprili, watu wengi hutegemea visima, na maji ya visima vingi ladha yake ni ya chumvi. Maji ya chumvi basi, kwa mkazi wa Chamwino, ni jina la maji fulani: yale ya kisima, yasiyotoa povu la sabuni, ambayo mtu huyatumia akikosa mengine. Mke wa mjomba, kwa utii kamili, aliyatenga maji baridi aliyonunua kwa fedha akayahifadhi ya kunywa, akachota ya kisimani kuoshea mshono, bila kuyachemsha, kwa sababu karatasi haikusema yachemshwe. Aliyegundua jambo hilo ni muuguzi wa zahanati, siku ya 9, mshono ulipokuwa umevimba upande wa chini na kuanza kutoa usaha. Siwezi kusema kwamba ni maji yale yaliyoleta usaha, maana baada ya upasuaji wa utumbo huweza kutokea hata kwa aliyeoshwa kwa uangalifu wote. Lakini mjomba alikwenda zahanati kusafishwa kidonda muda wa majuma matano.

Muuguzi yule alitumia jina jingine: maji ya dripu. Mabingwa watapinga, na wana haki, kwa kuwa dripu nyingine huwa na sukari. Mimi ningeandika kwa urefu bila haya: maji safi yaliyochemshwa yakaachwa yapoe katika chombo kilichofunikwa. Istilahi fupi isiyo na hatari hapa sijaipata.

Kuna sentensi nyingine ambazo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "Weka kidonda kikavu" si usemi wetu. Tungesema kidonda kisilowe. "Angalia wekundu kuzunguka kidonda" ilitungwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Hapo pa kuangalia ni kama ngozi imezidi kuiva weusi au imekuwa ya zambarau, kama imevimba na kung'aa, kama ukiigusa kwa mgongo wa mkono ina joto kuliko penginepo. Hili si kosa la lugha tu, bali fasiri iliyo aminifu kwa maneno imekuwa ya uongo kwa mwili wa msomaji.

Na "maambukizi"! Neno hili limefanya kazi kubwa katika mapambano dhidi ya UKIMWI, nalo limebaki na alama ya kazi hiyo. Mwananchi akisoma kwamba kidonda chake huenda kina maambukizi, huwaza mambo mawili: ama amepimwa virusi bila kuambiwa, ama atawaambukiza watoto wake. Mjomba alitenga kikombe chake. Kutunga usaha, kuingiwa na vijidudu: hayo yangetosha.

Tulikuwa tukiyaweza haya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio na vikundi vya kujifunza nchi nzima, ikazungumza juu ya safura, kichocho na kuhara damu kwa majina ambayo watu walikuwa nayo. Siku hizi tuna hazina kubwa zaidi, pamoja na Kamusi ya Tiba ya TUKI ya mwaka 2003, lakini kamusi hujibu neno kwa neno, wala haimjui anayesoma. Kuhusu saratani na kansa sitatia maneno mengi: Kiarabu na Kilatini vyote viliuita ugonjwa huo kaa, na tangu Taasisi ya Saratani Ocean Road ilipoundwa mwaka 1996 jina limekaa. Mzee wa kijijini akisema kansa, aandikiwe yote mawili.

Jambo dogo lakini la kila siku: "usinyanyue vitu vizito". Uzito ni kwa kadiri ya mtu. Kwa mke wa mkulima wa uwele, dumu la lita 20 kichwani si kitu kizito, ni maji. Karatasi ingetaja dumu, mchi, jembe na gunia, na kusema majuma 6 au zaidi kwa kadiri ya daktari, maana ukuta wa tumbo uliolazimishwa mapema huweza kutoa ngiri.

Limebaki suala ambalo nakiri limenishinda. Daktari aliyepasua utumbo anataka kujua kama umeanza kufanya kazi tena, na dalili anayoitafuta ni ile ambayo mtu mzima hataitaja mbele ya mkwewe. Karatasi iliandika "kutoa gesi". Mjomba alidhani anaulizwa juu ya jiko. "Kutoa upepo" ni tafsida inayoeleweka kwa wengi, "hewa" ni dhaifu, na neno lenyewe la Kiswahili, ambalo kila mtoto analijua, halijapata ruhusa ya kuingia katika karatasi ya serikali. Muuguzi wa zahanati alilitaja waziwazi, kwa sauti ya chini, na mjomba akajibu mara moja.