Kuyapa Maji Nuru ya Kadiri

Miongoni mwa kazi za mikono zifanywazo majumbani bila kupigiwa mbiu, naitukuza kazi ya kuyaangaza maji. Yaani kazi ya mfugaji wa samaki wa tangi la kioo ambaye, kabla hajatoa fedha yake dukani kununua taa, hujiuliza ni viumbe gani watakaokaa majini mwake, na huko kwao wamezoea jua kiasi gani. Asiyejiuliza hivyo aghalabu hununua taa iliyo kali kuliko zote, kisha huilipia mara mbili: kwanza kwenye mita ya umeme, na pili kwa mikono yake mwenyewe, akikwangua kila juma utando wa kijani ulioenea kiooni.

Waingereza waliosoma kitabu cha Philip Henry Gosse cha mwaka 1854, *The Aquarium*, walitegemea dirisha, na jua la dirishani halina bawabu. Zilipokuja taa za mirija, nuru ilipata kuamriwa. Walakini mrija humwaga nuru pande zote, hata ile iendayo darini ikalipiwa, na fauka ya hayo hufifia polepole ilhali mwenyewe auona ungali unawaka. Taa ya LED huelekeza nuru yake chini, kunakohitajiwa. Weupe wake umetokana na diodi ya buluu, ambayo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwani sehemu ya buluu hiyo, ikipita katika tabaka jembamba la fosfori, hugeuka manjano, na rangi hizo zikichanganyika jicho huona nyeupe.

Tuangalie hesabu, maana iktisadi bila hesabu ni maneno matupu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 huchukua lita 64 hivi. Mirija miwili ya wati 18, ikiwashwa muda wa saa 8 kila siku, hula yuniti 8.6 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 15 hula yuniti 3.6. Ikiwa taa hiyo hutoa lumeni 100, yaani vipimo 100 vya nuru, kwa kila wati, basi kila lita imepata lumeni zaidi ya 20, nazo zatosha mimea isiyo na makuu. Muuzaji asifuye wati nyingi asifu ulaji wa taa. Mnunuzi mwerevu humwuliza lumeni.

Sanduku huahidi saa 50,000, yaani zaidi ya miaka 17 kwa mwendo huo, nami ahadi hiyo naipokea kwa hadhari, kwa kuwa adapta hufa kabla ya diodi. Afadhali taa ambayo adapta yake hutoka na kubadilishwa. Kadhalika, baada ya taa kuwaka saa nzima, weka kiganja juu ya mgongo wake wa alumini: ukiwa vuguvugu, joto linapata njia ya kutoka, ukikuunguza, ujue diodi zinapikwa humo ndani.

Lakini ustadi wenyewe huonekana katika kuwajua wakazi. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi ukuao taratibu mno, ukiwekwa chini ya nuru kali jani lake hushindwa kuitumia yote, mwani ukaja kula masalio juu ya mgongo wake. Na mwani huo tuuitao adui, katika tangi la Tropheus ni riziki: samaki hao wa Ziwa Tanganyika, kwao hukaa miambani karibu na uso wa maji, wakikwangua kutwa kijani kilichooteshwa na jua. Mwenye kuwafuga atakuwa na haki ya kununua taa yenye nguvu na kuielekeza kwenye mawe. Jirani yao Cyphotilapia, mwenye nundu pajini, hupenda vilindi, ambako maji yamekwisha meza wekundu wote wa jua na kubakiza buluu hafifu. Huyo anunuliwe taa ya nusu ya nguvu, na fedha iliyosalia itiwe katika chujio, kwa kuwa ni samaki mkubwa, mlaji, na mchafuzi wa maji asiye na haya.