Examen d'État ya Dieudo Hamadi: kabla ya kuwaita wadanganyifu

Wandugu, kila wakati Exetat inapokaribia, nasikia wasomi wenzangu wakiitaja tena filamu ya Dieudo Hamadi, Examen d'État, na karibu wote wanaitaja juu ya jambo moja. "Ile filamu ya batoto ba Kisangani benye kununua majibu." Njo vile inajulikana. Mtu anaitaja, anatikisa kichwa, kisha anaanza kueleza kwa nini siku hizi daktari kijana hajui hata kusoma matokeo ya labo.

Nimeiangalia mara tatu. Mara ya mwisho niliiangalia pamoja na finalisti watano wa mtaa wetu, wale ninaowasaidia hesabu na shimi jioni, na tangu siku ile ninabishana na hao wenye kutikisa kichwa. Wao wanaona filamu juu ya watoto wanaodanganya. Mimi ninaona filamu juu ya watoto wanaofukuzwa masomo, na udanganyifu unakuja nyuma, sawa vile homa inavyokuja nyuma ya kidonda.

Kwa wale ambao hawajaiona: Hamadi ni mtoto wa Kisangani, alizaliwa mwaka 1984, akasomea tiba kabla ya kushika kamera. Filamu ilitoka mwaka 2014. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi inafuata kikundi cha finalisti wa Athénée Royal ya Kisangani katika wiki za mwisho kabla ya mtihani. Hakuna sauti ya mtu anayetueleza tufikiri nini. Hakuna mtaalamu aliyekaa mbele ya kabati ya vitabu akitufundisha "shida za elimu Afrika". Kamera inakaa katikati ya wanafunzi, na ni wao wenyewe wenye kusema, Kifaransa na Lingala zikichanganyika kama kawaida ya kule Boyoma.

Mapema kabisa tunaona kile ambacho kila mmoja wetu anakijua ndani ya mwili wake: kuulizwa nani amelipa na nani hajalipa. Wanafunzi ambao hawajatoa primu ya walimu wanatolewa nje ya darasa. Primu hii ina historia. Ilianza miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa walimu mshahara wa kuishi, na wazazi wakabeba mzigo ili masomo yasifungwe. Ilikuwa msaada wa muda. Muda huo haujaisha. Mtu ataniambia kwamba tangu mwaka 2019 kuna gratuité. Ndiyo, lakini ile ni ya shule za msingi. Finalisti hayumo. Yeye bado anasimama mbele ya orodha ileile ya filamu.

Na Hamadi anafanya jambo moja la akili sana hapa: hamgeuzi mwenye orodha kuwa shetani. Yule anayemfukuza mtoto ni mtu ambaye naye hajalipwa. Ukiangalia vizuri, darasani kuna maskini wawili, mmoja ana chaki na orodha, mwingine ana daftari, na Serikali iliyowaleta pale haionekani. Mtihani unatungwa Kinshasa, matokeo yanatoka Kinshasa, mtu anayasoma kwenye simu. Mkono unaochagua hauna uso.

Juu ya hilo, kuna filamu moja ya mbali inayonisaidia kuona kazi ya Hamadi. Mwaka 2016 Mfaransa Claire Simon alitoa Le Concours, juu ya mtihani wa kuingia La Fémis, shule ya Serikali ya sinema kule Paris, ambako wanaoomba ni wengi sana na wanaopokelewa ni wachache. Simon anaweka kamera upande wa wachaguzi. Tunawaona wakibishana juu ya kijana mmoja, huyu anamtaka, yule hamtaki, mwingine amechoka na anataka waendelee. Unaweza kuwakasirikia, lakini unawaona, na wanajibizana. Finalisti wa Kisangani hana mtu wa kujibizana naye. Mtu pekee aliye mbele yake ni huyo mwalimu mwenye njaa kwenye mlango wa darasa, na hapo njo uchaguzi wa kweli unafanyika, wiki nyingi kabla ya siku nne za mtihani. Lakini tunasema "alianguka Exetat" kana kwamba alianguka siku ile.

Sasa, ile maki. Wanafunzi wanakodi nyumba, wanakaa pamoja, wanajitayarisha wenyewe. Watu wengi wanaikumbuka sehemu hii kama pango la wezi. Mimi naona kitu kingine: naona masomo yaliyojengwa na wale waliofukuzwa masomo. Hawana mwalimu, wana mwenzao aliyeelewa kidogo zaidi. Kuna kijana anayebeba mizigo sokoni ili apate makuta ya kujiandikisha, na anaporudi na mabega yake, daftari linamngoja. Ambaye hajawahi kuishi maki aseme polepole. Nusu ya wasomi wa chama chetu walijifunza shimi yao sakafuni namna hiyo, na wengine sasa ni waasistanti wanaokemea wanafunzi kwa kukosa "misingi".

Kisha zinakuja sala, na yanakuja majibu ya kununua. Hamadi anaziweka karibu karibu, bila kucheka, na hapo njo nilianza kufanya hesabu. Shule ina bei yake, maombi yana bei yake, mwenye majibu ana bei yake. Kila mlango unalipiwa. Basi kwa nini mtoto aliyekosa feza ya primu anapata feza ya majibu? Wenye kutikisa kichwa wanasema ni juu ya tabia mbaya. Jibu liko ndani ya ile nyumba, kila mtu anaweza kuliona: primu inalipwa na mzazi mmoja, lakini majibu yanachangiwa na vijana kumi. Udanganyifu ni kitu ambacho maskini wanaweza kununua kwa pamoja. Masomo, hapana. Kama kungekuwa njia ya watoto kumi kuchangia kiti kimoja darasani, nadhani wangechangia.

Sisemi kwamba ni vizuri. Nasema kwamba majibu hayo hayawafikishi pale wanapofikiri, na hapa njo ninaanza kugombana na Hamadi mwenyewe.

Asilimia 50 inakupa diploma ya Serikali. Sawa. Lakini sisi tunaojua foleni za kujiandikisha tunajua kwamba ile pursantaji inakufuata. Katika vyuo vikuu vya Serikali, kwa fakulte ambazo kila mtu anazitaka, tiba, polytechnique, viti ni vichache kuliko wanaovitafuta. Wanaangalia pursantaji ao wanapanga mtihani mwingine wa kuingia, mara nyingine vyote viwili. Mwaka nilioomba tiba, siku ya konkuru tulijaa ukumbi mpaka wengine wakaandikia magotini. Nilikuwa na mwenzangu wa toka sekondari, kichwa cha shimi kunishinda mimi. Yeye njo alikuwa ananieleza mizani ya reaksioni. Mwaka wa sita, masomo tuliyosoma yalimrudisha nyumbani mara kwa mara juu ya minervali. Alipata 52. Mimi nilipata 67. Siku ya konkuru yeye hakuwa ukumbini, maana mahali pale faili ya 52 haikupokelewa hata mezani. Tofauti ya pointi 15 kati yetu, najua ilitoka wapi. Ilitoka kwa siku alizokuwa nje ya ukuta wakati mimi nilikuwa ndani. Akaenda kuandikishwa mahali pengine, katika kazi ambayo hakuwahi kuitaja hata siku moja. Hajalalamika, ana familia, anaishi. Lakini nikisikia mtu anasema "wenye akili wanapita tu", ninamfikiria yeye.

Filamu haifiki pale. Inakwenda mpaka matokeo, kelele, furaha ya barabarani, na inatuacha. Tulipomaliza kuiangalia, msichana mmoja kati ya wale watano, yule anayetaka tiba na ambaye muhula huu alikaa nyumbani wiki tatu juu ya minervali, aliniuliza: "Yaya, na kisha ile, baliingiaka wapi?" Nikakosa jibu, na filamu pia haina jibu. Waliingia wapi? Nani alipokelewa katika fakulte aliyoitaka, nani alibeba diploma yake sokoni pamoja na mizigo?

Mtu atanitetea Hamadi: filamu ina haki ya kuisha inapotaka, na furaha ya mtoto aliyepata diploma si uongo. Ni kweli. Siku ya matokeo hata mimi nilimwagiwa poda, na sitaki mtu anifutie siku ile. Lakini tazama furaha hiyo inafanya kazi gani kwa mtazamaji. Ukiwa Ulaya unatoka ukumbini ukisema: angalia hawa vijana, maskini lakini wajanja, mwishowe wameshinda. Ukiwa Kinshasa ao Bukavu unatoka ukisema: angalia wezi hawa, mwishowe wamepita. Watazamaji hawa wawili hawapatani, lakini wote wawili wanakubali kwamba mambo yaliishia pale, kwamba mlango ulifunguka. Na ni hapo hasa, mwezi wa kumi, mbele ya dirisha la maandikisho, ambapo mlango wa pili unafungwa, kimya, bila kamera. Maki inakupa diploma yenye 51. Chuo kikuu kinakusomea namba hiyo kwa sauti na kukuonyesha fakulte zenye nafasi. Mtoto aliyefukuzwa darasani kwa feza, mara ya pili anafukuzwa kwa namba, na safari hii hata yeye mwenyewe anaamini kwamba ni juu ya akili yake.

Juu ya wale wanaosema kwamba filamu kama hii inaharibu sura ya nchi, sina maneno mengi. Sura ilikuwepo kabla ya kamera.

Lililonipa moyo ni kazi aliyofanya baadaye. En route pour le milliard, filamu iliyochaguliwa na Cannes mwaka 2020, inawafuata watu wa Kisangani waliopoteza miguu, mikono na jamaa katika vita vya siku sita vya mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wao. Wanapanda boti, wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Pale Hamadi haishii kwenye nyimbo za safari, ingawa ni nzuri sana na mwingine angeishia hapo. Anaendelea nao mpaka mbele ya majengo ya Serikali, mahali ambapo hakuna anayewafungulia, na kamera inabaki nje pamoja nao. Ni mkono uleule, mji uleule, lakini miaka sita baadaye ameamua kusimama mbele ya mlango mpaka tuuone umefungwa. Ningependa arudi Kisangani na macho hayo, mwezi wa kumi, asimame katika foleni ya maandikisho nyuma ya wale wenye 51, na asizime kamera mpaka wa mwisho aambiwe aende wapi.