Kufanana Si Kuiba: Hercules, Transall na Leso ya Biashara Street

Weka picha mbili kando kwa kando: C-141 Starlifter ya Marekani na Ilyushin Il-76 ya Urusi. Mabawa yamekaa juu ya tumbo, injini nne zinaning'inia chini yake, mkia una umbo la T, na mlango mkubwa uko nyuma. Ya Marekani iliruka mara ya kwanza 1963, ya Urusi 1971. Hukumu inatoka papo hapo: Mrusi alikopi. Kisha inaletwa Y-20 ya China, iliyoruka 2013, na hukumu ni ile ile, ila safari hii ina kicheko ndani yake. Mchina naye, ati, kama kawaida yake.

Mimi naona hii ni hukumu ya uvivu. Macho yameona sura, mdomo ukasema wizi, na hakuna aliyeuliza ndege ile ilichorwa ifanye kazi gani.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Agosti 1992, njaa ilipokuwa ikiua watu Somalia, uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, uligeuzwa kituo cha kupelekea chakula. Marekani ilileta C-130 Hercules, Ujerumani ikaleta Transall C-160. Hercules ina injini nne, Transall mbili. Ukiacha hilo, mtu asiyezizoea angesema ni kaka na mdogo wake. Hercules iliruka mwanzo 1954, Transall 1963, kwa hiyo ukitaka kushtaki, mshtakiwa unaye tayari.

Lakini hebu fuata gunia la chakula. Linatoka kwenye lori, kwa hiyo sakafu ya ndege lazima iwe chini, karibu na ardhi. Sakafu ikishuka, bawa lazima lipande, la sivyo rafadha zitakula vumbi na changarawe kwenye viwanja visivyo na lami. Bawa likipanda, magurudumu hayawezi tena kushuka kutoka kwenye bawa, maana miguu itakuwa mirefu kama ya korongo. Yanahamishiwa kwenye vifuko vya ubavuni, ili yasile nafasi ya mizigo. Na kwa kuwa mlango uko nyuma, mkia lazima uinuke ili lori lirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mpe fundi yeyote masharti hayo, awe wa Marekani, Ujerumani au Urusi, atachora karibu kitu kile kile. Mikokoteni ya Marikiti yote inafanana, na sijasikia hamali akimwita mwenzake mwizi wa mkokoteni.

Sasa, kukopi kupo, wala sikatai. Antonov An-12 ya Wasovieti, iliyoruka 1957, ukiiona kwa mbali utasema ni Hercules. Izunguke nyuma uone: milango yake inakunjwa kuingia ndani, na ngazi ya kupandishia magari ni kitu cha pembeni, wakati Hercules ina ngazi ambayo ni sehemu ya mwili wake. Mafundi walijibu swali moja kwa njia zao. Lakini China, iliyonunua An-12 kisha urafiki wake na Moscow ukavunjika, iliifumua ndege ile na kuichora upya kipande kwa kipande, na Y-8 ikaruka 1974. Hiyo ni kopi, bila kuzungushana. Upande mwingine kuna C-27J Spartan, ambayo Jeshi la Anga la Kenya limeinunua kuchukua nafasi ya Buffalo zake za zamani. Spartan inatumia injini za aina ile ile ya Hercules mpya, tena kwa makubaliano ya wenyewe. Inafanana nayo na hakuna aliyeibiwa.

Na wizi wenyewe mara nyingi hauonekani kwa nje. Mwaka 2016, Su Bin, mfanyabiashara wa Kichina aliyekuwa akiishi Kanada, alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba alishiriki njama ya kuiba data za kijeshi, zikiwemo za ndege ya mizigo ya C-17. Alihukumiwa miezi 46. Kilichotakiwa pale kilikuwa mafaili: vipimo, majaribio, miaka ya watu kukosea na kurekebisha. Umbo la mkia kila mtu analiona bure kwenye picha.

Njoo basi Biashara Street, kwa wauza leso. Leso zote zina pindo, mji na jina. Zote zinauzwa jozi, na ukubwa wake unafuata mwili wa mwanamke anayejifunga moja na kujitanda nyingine. Hayo yameamuliwa na kazi, kama bawa la juu, na hayana mwenyewe. Lakini ua gani likae mjini, rangi gani ipakane na rangi gani, jina lipi limchome jirani bila kumtaja: hapo kazi haikulazimishi chochote. Hapo kuna mtu aliyeketi akachagua. Ndiyo maana Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara iliyoanza Mombasa mwaka 1887, ilitia alama yake, Mali ya Abdulla, kwenye leso zake. Walijua pa kuweka mpaka.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Kazi ikilazimisha umbo, kufanana hakuhitaji maelezo. Mtu akiwa alikuwa huru kuchagua kingine, na bado vitu viwili vikatoka sawasawa, hapo uliza. Kisutu cha bibi harusi kimetoka kwenye kipimo hiki kwa njia ya halali, maana watu wamekivaa na kukitunzana hadi kikawa cha wote.

Kinachoniudhi ni jinsi tunavyokitumia kipimo chenyewe. Fundi wa milango wa Mji wa Kale akichonga ua aliloligeuza kidogo kutoka kwa mwalimu wake, ua hilo linaweza kupigwa picha, likaingizwa kwenye mashine ya kuchonga, na likatokea kwenye lango la hoteli yoyote likiitwa mtindo wa Kiswahili. Hapo husikii kicheko wala neno kopi. Utasikia tunaenzi utamaduni. Mdogo akifanana na mkubwa tunamwita mwizi kabla ya kutazama mlango wa nyuma. Mkubwa akichukua kwa mdogo tunamshukuru kwa kututangaza.

Watu wanaojua kuhesabu injini na kutaja mwaka ndege iliporuka wana jicho zuri. Ningependa jicho hilo hilo litembee Ndia Kuu, lisimame mbele ya mlango mpya unaong'aa, na liulize kwanza: nani alichagua ua hili, na alilipwa?